Namuwongo: Kijana Wako Aendapo Kusoma Kampala

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapowadia, mabasi yatokayo Gulu, Moroto, Arua, Mbale na Fort Portal hujaa vijana waendao Kampala kuanza masomo ya chuo kikuu. Kila mmoja ana sanduku lake, godoro lililofungwa kwa kamba, na barua ya kukubaliwa chuoni iliyokunjwa vizuri katika bahasha. Miongoni mwao wamo wana na mabinti wa askari na polisi, waliolelewa katika nyumba za kambi. Huko kambini lango lina mlinzi, bomba liko uani, na jirani hujulikana kwa jina na kwa cheo. Kijana wa namna hii hajawahi kutafuta chumba cha kupanga maishani mwake, na wala hakufundishwa jambo hilo shuleni.

Mabweni ya vyuo hayawatoshi wote, na hosteli za watu binafsi aghalabu ni ghali. Ndiyo maana wengi huishia kupanga vyumba mitaani, na mmoja wa mitaa inayowapokea ni Namuwongo, upande wa kusini-mashariki wa jiji. Kwa asomaye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kilichoanzishwa mwaka 2001 huko Kansanga, au vyuo vingine vya upande huo, Namuwongo si mbali. Asomaye katika tawi la Chuo Kikuu cha Kiislamu lililopo Kibuli anaweza kwenda kwa miguu. Anayesoma Shule ya Biashara ya Makerere iliyopo Nakawa naye hufika bila taabu kubwa. Lakini aendaye Makerere yenyewe heri atafute Kikoni au Wandegeya, na aendaye Kyambogo atafute Banda au Kireka, kwa kuwa nauli ya kila siku itamla kabla hajavimaliza vitabu vyake.

Namuwongo una sifa mbili zinazopingana. Wako wausifuo kwa vyumba vya bei nafuu na kwa ukaribu wake na jiji. Wako wauogopao kwa habari za mafuriko, wizi na bomoabomoa. Wote wana sehemu ya ukweli. Mwenyeji akiulizwa, hasemi kwamba Namuwongo ni mzuri au mbaya. Yeye huuliza kwanza: Namuwongo upi, wa juu au wa chini?

MLIMA NA BONDE

Ili kulielewa swali hilo yafaa kuitazama ardhi yenyewe. Namuwongo umelala katika mteremko, ndani ya Divisheni ya Makindye. Juu yake ni kilima cha Muyenga, chenye majumba makubwa yenye kuta na mageti. Kileleni yamejengwa matangi makubwa ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972, na kwa sababu hiyo wengi hukiita kilima hicho Tank Hill. Maji huvutwa kutoka Ziwa Victoria huko Ggaba, husukumwa kwa mashine hadi kileleni, kisha huteremka yenyewe kuingia katika mabomba ya jiji.

Chini kabisa upo mfereji wa Nakivubo. Huo hupokea maji ya mvua na uchafu wa katikati ya jiji, hupita kando ya eneo la viwanda, huingia katika bwawa la mafunjo, na mwisho humwagika katika ziwa lile lile, kwenye ghuba ya Murchison. Kwa hiyo maji ya Kampala hupanda safi upande mmoja wa Namuwongo na kurudi machafu upande wa pili.

Kati ya kilima na mfereji, mteremko umegawanyika kama ngazi. Juu ni Kisugu na sehemu za Wabigalo, ambako nyumba ni za matofali na njia nyingi hupitika hata wakati wa mvua. Kisha inafuata barabara ya Namuwongo yenye soko, maduka, mafundi wa kila aina na makanisa. Halafu inakuja njia ya reli. Kuvuka reli ni kuingia sehemu kama Soweto, iliyopewa jina la kitongoji mashuhuri cha Afrika Kusini. Huko nyumba zimebanana, baadhi ni za mbao na mabati, na ardhi yake ni bwawa lililojazwa kifusi kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Mgawanyiko huo haukutokea kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliendesha hapo mradi wa kuboresha makazi, wakati dunia ilipokuwa imeadhimisha mwaka 1987 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makao. Barabara zilipimwa na viwanja vikagawanywa. Lakini viwanja vilipopanda thamani, wengi wa wakaaji wa kwanza, hasa wapangaji na wale walioshindwa kujenga kwa kiwango kilichotakiwa, walijikuta wakihamia chini zaidi, kando ya reli na bwawa. Mji uliboreshwa, na mnyonge akasogea karibu na maji.

Haifai basi kuwadharau walio chini ya reli. Wao ndio wapakiaji wa viwandani, wauza mboga, wafua nguo, waashi na walinzi wa usiku ambao bila wao jiji lisingeamka. Wako waliokimbia vita vya kaskazini ya Uganda, wako waliotoka Kongo na Sudani Kusini, na wako Wakenya waliofuata kazi. Mwanafunzi atanunua nyanya kwao na kushonewa viatu nao. Hata hivyo, kumheshimu mtu ni jambo moja, na kupanga chumba mahali ambapo yeye mwenyewe angehama kama angeweza ni jambo lingine.

KUCHAGUA CHUMBA

Nyumba ya kupanga ya Kampala aghalabu ni safu ya vyumba chini ya paa moja, kila mlango na mpangaji wake. Chumba kimoja cha aina hiyo Waganda hukiita muzigo. Kijana azungumzaye Kiswahili akiulizwa kama anatafuta muzigo asidhani anaulizwa habari za sanduku lake.

Kinachomdanganya mgeni ni bei. Atakuta chumba cha chini ya reli ni rahisi mno kuliko cha Kisugu, na moyo wake utamwambia kwamba tofauti hiyo ni akiba. Lakini wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Mvua kubwa za Kampala hunyesha mara mbili kwa mwaka, kwanza kuanzia Machi hadi Mei, kisha kuanzia Septemba hadi Desemba. Katika miezi hiyo mfereji ukifurika, maji meusi huingia vyumbani usiku bila hodi. Godoro likilowa maji ya mfereji halikaushiki tena, ni la kutupwa. Vitabu na kompyuta ndogo vikilowa, masomo ya muhula mzima yamelowa navyo.

Wenyeji wana njia zao za kukikagua chumba, nazo hazigharimu kitu.

Kwanza, hutazama ukuta wa nje na wa ndani. Mafuriko huacha mstari wa rangi ya udongo ukutani. Mwenye nyumba akipaka rangi mpya sehemu ya chini tu, yampasa mpangaji aulize kwa nini sehemu ya juu haikuhitaji rangi.

Pili, hutazama mlangoni. Kizingiti kilichoinuliwa kwa saruji hadi magotini, au magunia ya mchanga yaliyopangwa pembeni, ni ushahidi kwamba mpangaji aliyetangulia alipigana na maji.

Tatu, hutazama mimea. Yakionekana majimbi au mafunjo karibu na uwanja, ardhi hiyo ni ya maji hata kama leo imekauka.

Nne, huhesabu milango na vyoo. Watu wa milango 20 wakitegemea choo kimoja, foleni ya alfajiri itamchelewesha mwanafunzi, na siku ya ugonjwa wa kuhara uwanja mzima utaugua.

Tano, hukitembelea chumba mara mbili: mara moja mvua inaponyesha, na mara moja usiku wa Jumamosi. Mvua itaeleza habari za paa na mtaro. Jumamosi itaeleza habari za baa iliyopo nyuma ya ukuta.

Liko pia jambo la reli. Ardhi ya meta 30 kutoka katikati ya reli, kila upande, ni hifadhi ya reli. Mwaka 2014 nyumba na vibanda vilivyokuwa ndani ya hifadhi hiyo vilibomolewa katika sehemu mbalimbali za Kampala, Namuwongo ukiwamo, na watu wengi walilala nje na vyombo vyao. Baadaye wengine walirudi na kujenga tena. Mwenye chumba cha mahali hapo hatamwambia mpangaji habari hiyo. Kijana na ahesabu hatua zake kutoka kwenye reli. Zikiwa chache, ashukuru na aondoke.

Kwa mwanafunzi, basi, mahali pa wastani ni kati ya barabara ya Namuwongo na Kisugu. Kodi itazidi kidogo, lakini atalala pakavu. Wawili wanaosoma chuo kimoja wakishirikiana chumba cha juu, kila mmoja huweza kulipa sawasawa na yule aliye peke yake bondeni.

DALALI, MKATABA NA MWENYEKITI

Vyumba vingi hupatikana kwa dalali, ambaye Waganda humwita bulooka. Huyu hudai malipo ya kumwonyesha mtu chumba, na pengine malipo mengine chumba kikipatikana. Wako madalali waaminifu, na wako wanaoonyesha chumba kimoja kwa watu watano. Desturi njema ni kutompa dalali kodi yoyote. Kodi hulipwa kwa mwenye nyumba mwenyewe, baada ya kuonana naye uso kwa uso na kuuliza majirani kama kweli ndiye mwenyewe.

Mara nyingi mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja. Mzazi aliyekopa katika chama cha ushirika cha akiba cha Wazalendo au cha Exodus ili mtoto asome hawezi kuipoteza fedha hiyo kwa neno la mdomo. Malipo yapitie kwenye simu, ili kumbukumbu yake ibaki, au pawepo risiti iliyotiwa sahihi. Makubaliano yaandikwe: kodi ni kiasi gani, hulipwa lini, maji na umeme ni juu ya nani, na notisi ya kuhama ni muda gani. Uganda ina Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, na chini ya sheria hiyo mpangaji hafukuzwi kwa kufungiwa mlango wala kung'olewa bati, pana mahakama. Lakini sheria humsaidia mwenye karatasi mkononi.

Umeme wa Kampala hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa mita iitwayo Yaka. Chumba chenye mita yake ni bora. Pale ambapo safu nzima hutumia mita moja, ugomvi hauishi: mmoja hupiga pasi, mwingine huwasha taa tu, na bili hugawanywa sawa.

Chumba kikishapatikana, jambo la kwanza kabla hata ya kutandika kitanda ni kwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la mtaa. Mabaraza haya hapo awali yaliitwa mabaraza ya upinzani, kisha yakapewa jina la sasa. Mwenyekiti ndiye atoaye barua ya utambulisho inayohitajika katika ofisi nyingi, ndiye asuluhishaye magomvi ya wapangaji, na ndiye ajuaye nani ni nani. Mwanafunzi aliyejiandikisha kwake, akiibiwa au akisingiziwa, ana mtu wa kumsemea. Asiyejiandikisha ni mgeni tu, hata akikaa miaka mitatu.

MAJI, MOTO NA AFYA

Ingawa matangi ya jiji yanaonekana kileleni, si kila uwanja una bomba. Wengi hununua maji kwa jerikani ya manjano ya lita 20. Bei ya bomba la umma ni ndogo, lakini bei huongezeka kila maji yanapopitia mikono ya mchuuzi, na siku mabomba yakikauka hupanda zaidi. Mwanafunzi awe na jerikani mbili au tatu zenye vifuniko, azijaze siku maji yapo, wala asingoje siku ya ukame.

Chemchemi zipatikanazo mabondeni huvutia kwa ubaridi wake, lakini hazifai kunywewa, kwa kuwa vyoo vya mtaa viko juu yake. Kipindupindu kilipoenea Kampala mwaka 1997 na 1998, mitaa ya mabondeni ndiyo iliyoumia kuliko yote. Maji yote ya kunywa yachemshwe, yapoe, yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Homa ya matumbo imewarudisha nyumbani wanafunzi wengi kabla ya mitihani.

Jiko la makaa, liitwalo sigiri, ndilo jiko la Kampala. Juu ya hilo wazazi na wasisitize neno moja bila kuchoka: sigiri haiingizwi katika chumba kilichofungwa. Usiku wa mvua kijana huona baridi, huiingiza ndani ikiwa bado na makaa mekundu, hufunga mlango na dirisha, akalala. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu wala haiamshi mtu. Vijana wenye afya wamekutwa wamekufa asubuhi, na sufuria ya maharagwe iko pembeni. Kupika ni nje, barazani; na makaa huzimwa kwa maji kabla ya kulala.

Mwanafunzi alale ndani ya chandarua mwaka mzima, maana bwawa la Nakivubo ni kiwanda cha mbu. Akiugua, asianze na duka la dawa. Kituo cha Afya cha Kisugu ni cha Mamlaka ya Jiji, na matibabu yake ni bure, ijapokuwa foleni ni ndefu. Afikaye alfajiri huondoka mapema. Katika Namuwongo yenyewe ipo Hospitali ya Kimataifa ya Kampala, iliyoanzishwa na daktari Ian Clarke kutoka Ireland ya Kaskazini, ambaye mwaka 2011 alichaguliwa kuwa kiongozi wa Divisheni ya Makindye. Hiyo ni hospitali ya kulipia, na bei zake si za mwanafunzi asiye na bima. Hospitali ya misheni ya Nsambya, iliyoanza mwaka 1903, haiko mbali. Kila kijana ajue njia ya kufika katika hizo tatu kabla hajaugua.

CHAKULA CHA MWANAFUNZI

Kwa upande wa chakula Namuwongo ni rafiki wa maskini. Soko lake lina matoke, mihogo, viazi vitamu, maharagwe, njugu zilizosagwa, dagaa waitwao mukene, na mboga za majani kama dodo na nakati. Mboga huwa nafuu jioni, muuzaji asipotaka kurudi nazo nyumbani. Anayenunua kwa mama mmoja kila siku hupewa nyongeza, na siku asipokuwa na fedha hukopeshwa hadi kesho.

Majimbi yalimwayo bwawani ndiyo yatakayo uangalifu. Huwa makubwa na ya kupendeza, lakini hukua katika maji ya mfereji upitao viwandani, na wataalamu waliochunguza udongo wa huko wameonya juu ya madini yenye sumu. Afadhali kuuliza yametoka wapi, na kuchagua yaliyoletwa kutoka mashambani.

Barabarani chakula kinachopendwa na vijana ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, iitwayo rolex. Nyingine ni kikomando, yaani chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharagwe. Jina hilo humchekesha askari, lakini hapana shaka chakula chenyewe huweza kumpitisha mtu mwendo wa siku nzima. Hivi ni vya kuokoa muda, si vya kuishi navyo. Vijana wawili wakipika pamoja sufuria moja ya posho na maharagwe, pamoja na mboga, hula vizuri zaidi na hubakiwa na nauli.

LUGHA NA SALAMU

Mtoto wa kambini huja Kampala na Kiswahili chake, na hujivunia kwa haki. Yampasa ajue, hata hivyo, kwamba katika Buganda lugha hii ina historia. Ilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles; mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa; na katika miaka ile ya misukosuko raia wengi waliisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mambo yamebadilika. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini mama mwenye umri, anayekaa nyuma ya mafungu yake ya nyanya, huenda bado akashtuka kijana mrefu akimwamuru kwa Kiswahili kikavu.

Dawa yake ni rahisi: salamu ya Kiganda kwanza. Asubuhi ni "Wasuze otya, nnyabo," na kwa mwanamume ni "ssebo." Mchana na jioni ni "Osiibye otya." Anayepitia mtu akifanya kazi humwambia "Gyebale ko," yaani pole na hongera kwa pamoja. Shukrani ni "Webale." Hakuna Mganda anayeanza kununua kabla ya kusalimu, na mgeni anayesalimu hupewa bei ya mwenyeji. Baada ya hapo Kiswahili kitapata nafasi yake, maana Namuwongo umejaa Wakongo na Wakenya, na huenda kinyozi, fundi cherehani na jirani wa mlango wa pili wote wakajibu kwa Kiswahili.

NJIA NA USIKU

Basi dogo la abiria, ambalo Mkenya huliita matatu na Mtanzania huliita daladala, kwa Kampala huitwa teksi. Nauli hupanda mvua inaponyesha na saa za jioni, basi heri kuiuliza kabla ya kuketi. Pikipiki ya bodaboda hufika upesi, lakini ndiyo iwajazayo watu katika wodi za mifupa. Apandaye apande na kofia ngumu, na awe na dereva wa kituo cha karibu anayemjua kwa sura.

Wakaaji wengi huenda mjini kwa miguu wakifuata reli. Mchana njia hiyo hupitwa na watu wengi. Giza likiingia hubaki ya wanyang'anyi wa simu na mikoba. Mwanafunzi aliyechelewa maktaba apite barabara kuu yenye taa, hata kama ni ndefu. Simu isitolewe dirishani mwa teksi wala kando ya barabara, kwa kuwa mkwapuzi wa Kampala hana haja ya kukimbia. Pikipiki yake inamngoja.

Upande wa pili wa Kisugu ni Kabalagala. Jina hilo ni la kitumbua cha ndizi na unga wa muhogo, lakini sifa ya mahali hapo leo ni baa zisizolala. Kijana atakayekwenda huko mara moja kutazama hatakufa. Atakayekwenda kila Ijumaa ataona kodi ya nyumba ikiyeyuka, na baba aliye kwenye lindo la mpakani hatajua hadi siku ya matokeo. Kituo kikubwa cha polisi cha upande huo pia kipo Kabalagala, na namba yake ni ya kuwekwa simuni siku ya kwanza.

KWA WAZAZI

Familia za polisi zina faida moja hapa. Kambi ya Nsambya na chuo cha mafunzo ya polisi cha Kibuli viko karibu, na katika kambi hizo huenda pakawa na mtu aliyewahi kutumika na baba wa kijana huko mbali. Wenye ndugu Mbuya, penye makao makuu ya jeshi, nao wasisite kuwaandikia. Si kwa ajili ya kumtwika mtu mtoto, bali ili kijana awe na mlango mmoja wa kubisha siku ya shida.

Lakini ndugu wa mbali hawezi kuufikia mlango wa chumba saa nane ya usiku. Afadhali jirani wa karibu. Mwanafunzi anayesalimu kila asubuhi, anayefagia sehemu yake ya uwanja, anayemsaidia mtoto wa jirani hesabu za shule, hahitaji mlinzi wa lango. Akiugua, watambisha hodi. Mvua ikiwa kubwa, watamwamsha. Mgeni akizungukazunguka mlangoni pake, watamuuliza ana haja gani. Jambo hilo kambini hupatikana kwa amri na zamu. Namuwongo hupatikana kwa tabia.

Basi mzazi asimpeleke kijana wake na fedha peke yake. Kama inawezekana, mmoja wao aende naye siku tatu kabla ya masomo, wauzunguke mteremko pamoja kwa miguu, wakague kuta na vizingiti, wamwone mwenyekiti, kisha walipe. Nauli ya mzazi ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko godoro moja lililochukuliwa na maji ya Nakivubo, na ni ndogo mno kuliko muhula mmoja uliopotea.